Kufufua Land Rover na Land Cruiser za Zamani Nakuru na Magharibi mwa Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamlenga mtu anayenunua, anayemiliki au anayetengeneza gari la zamani la fowili (linalosukumwa na magurudumu yote manne) kati ya Naivasha, Nakuru, Kitale na Kisumu. Yanahusu hasa Land Rover za Series na Land Cruiser za mfululizo wa 40, kwa sababu ndizo zinazopatikana mashambani na nyuma ya gereji za huku. Vipimo vya injini na oili ni vya Land Rover ya petroli ya lita 2.25, isipokuwa pale tulipotaja nyingine.

## Kabla ya kununua

Nianze na gari gani?

Land Rover Series IIA au III yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Spea zake bado zinatengenezwa, injini ni rahisi kuelewa, na fundi yeyote mwenye umri wa kutosha amewahi kuifungua. Series IIA zilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, na Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Leyland Kenya ilianza kuunganisha magari Thika mwaka 1976, kwa hiyo kuna Series III zilizofungwa humu humu nchini.

Series I, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mnamo Aprili 1948, ni nadra na spea zake ni ghali. Ukiipata, ihifadhi vizuri mahali pakavu mpaka uwe na mkono wa kazi.

Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984. FJ40 ina petroli ya silinda sita, kwanza F ya lita 3.9 na baadaye 2F ya lita 4.2. BJ40 ina dizeli ya silinda nne ya lita 3.0, na HJ47 dizeli ya silinda sita ya lita 4.0. Injini hizi ni ngumu mno kufa. Ila bodi ni ya chuma, na hapo ndipo pesa yako itakapoishia. Land Rover kutu huila chesisi na ukuta wa mbele. Land Cruiser kutu huila bodi. Ukishika hilo, nusu ya ukaguzi umeimaliza.

Nitajuaje ni Series ipi, maana mwenyewe hajui?

Tazama taa. Series II na IIA za mwanzo zina taa katikati, kwenye wavu wa rejeta. IIA za mwisho, kuanzia karibu 1969, na Series III zina taa kwenye mudgadi. Ukiona geji ziko katikati ya dashibodi, hiyo ni IIA au ya kabla yake; zikiwa mbele ya dereva kwenye plastiki, ni III. Gia nazo zinasema: III huingia gia zote nne za mbele bila kukwaruza, lakini IIA ya kawaida hukubali kirahisi gia ya tatu na ya nne tu.

Halafu pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Sentimita 223.5 ni fupi, yaani inchi 88. Sentimita 277 ni ndefu, yaani inchi 109.

Usikubali jibu la dalili moja. Gari lililofanya kazi shambani miaka hamsini limebadilishwa uso, milango, hata giaboksi. Anayesema ukweli wa mwisho ni namba ya chesisi.

Nikienda kuliona, nikague nini?

Beba nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, tochi, sumaku na gunia la kulalia. Gonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, na kilichooza hutoa sauti butu. Palipo na sauti butu, choma kwa bisibisi. Sehemu zinazooza kwanza kwenye Land Rover ni boriti ya nyuma kabisa, ile mikono inayotoka pembeni mwa chesisi kubeba bodi, na pembe za mbele zinazoshika springi. Baada ya hapo inua kapeti uone ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva. Sakafu ya miguu na chini ya bawaba za milango ndipo maji hukaa.

Sumaku hutumika kwa namna mbili. Kwenye Land Rover bodi ni aluminiamu, kwa hiyo sumaku ikishika kwenye mudgadi ujue kuna bati lililobandikwa. Kwenye Land Cruiser ni kinyume: sumaku isiposhika, hapo kuna pati nene juu ya shimo.

Injini kutowaka si sababu ya kulikataa gari. Chesisi iliyopinda ni sababu.

Karatasi zimepotea, au mwenye gari alifariki. Ninunue?

Usilipe pesa yote mpaka karatasi zieleweke. Uhamisho wa umiliki hufanyika kwenye akaunti ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, na muuzaji lazima aukubali upande wake. Marehemu hawezi. Familia lazima kwanza ipate hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na jambo hilo huchukua muda. Andikeni makubaliano mbele ya wakili, lipa amana ndogo, na gari libaki pale lilipo. Watu wengi hukimbilia kulivuta hadi gereji, wanalitengeneza, kisha anatokea mtoto mwingine wa marehemu mwenye haki kuliko yule aliyeuza.

Kama namba ya chesisi haisomeki, tazama swali la mwisho la ukurasa huu.

Naweza kuagiza moja kutoka Uingereza?

Masharti ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hayaruhusu gari lililotumika kuingia likiwa na zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tafuta lililo tayari nchini na lenye namba ya Kenya. Spea ndizo zinazoagizwa bila shida.

## Chesisi na bodi

Kazi ianzie wapi?

Chini, kwenda juu. Chesisi, kisha ekseli na springi, breki, stering, injini na giaboksi, waya, bodi, na rangi mwisho. Mtu akianza na rangi, atakuja kuichoma na welda kabla ya mwaka kuisha.

Kabla ya kufungua chochote piga picha, na weka kila kundi la nati kwenye kopo lake lenye jina. Usitupe kipande kilichooza hadi kipya kifungwe; ndicho kipimo chako.

Chesisi inachomelewaje isipinde?

1. Weka gari kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, juu ya stendi nne, si juu ya jeki wala mawe.
2. Toa betri, na toa tangi la mafuta. Kwenye Land Rover fupi tangi liko chini ya kiti. Kulifunika kwa gunia lenye maji hakutoshi.
3. Pima kwa kukatiza, kona hadi kona, ukitumia matundu ya springi. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya milimita 5, chesisi imepinda na inahitaji kunyooshwa kabla ya kuchomelewa.
4. Kata mkono mmoja uliooza, chomelea mpya, pima tena, ndipo uende kwa wa pili. Ukikata yote kwa pamoja hakuna kinachobaki kushikilia vipimo.
5. Kata hadi ufike chuma kinachong'aa. Kiraka juu ya kutu huanguka pamoja na kutu.

Bati la chesisi ya Land Rover lilikuwa na unene wa takriban milimita 2. Tumia la milimita 2 hadi 3. Mashine ya MIG yenye waya wa milimita 0.8 ndiyo inayofaa. Welda wengi wa jua kali hutumia fimbo za geji 12, na kwenye bati jembamba fimbo hizo hutoboa, kisha fundi anaziba tundu kwa kurundika chuma. Kwa nje huonekana imara, ila kando ya rundo hilo ndipo nyufa huanzia.

Ukimaliza, fungua matundu ya kutolea maji, kisha pulizia nta au oili nzito ndani ya boriti. Kutu ya chesisi hutoka ndani. Rangi ya nje haiizuii.

Bodi ya aluminiamu inaweza kupigwa mchanga?

Hapana. Aluminiamu hupata joto, hujikunja kama maji ya ziwa yenye upepo, na hairudi. Tumia dawa ya kuondoa rangi, kisha msasa wa maji. Mchanga ni wa chesisi na rimu, na hata huko fundi avae barakoa ya kweli. Vumbi la mchanga huharibu mapafu bila tiba.

Ukishaisafisha, weka praima maalumu ya aluminiamu, ile inayong'ata. Praima ya kawaida ya chuma itabanduka kwa vipande baada ya mvua mbili. Pati isizidi milimita 3. Bonde likiwa kubwa kuliko hapo, lipigwe kwa nyundo ya mbao kutoka nyuma.

Kwa nini aluminiamu inageuka unga mweupe karibu na bolti?

Chuma na aluminiamu vikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa. Kisumu na kando ya ziwa hali hii huenda haraka kwa sababu ya unyevu wa hewa. Magari yaliyoishi kando ya Ziwa Nakuru na Elmenteita yana adui mwingine, vumbi la magadi, nalo huila aluminiamu likilowa. Yaoshe kwa maji baridi mengi kabla ya kufungua chochote, hasa ndani ya mikunjo ya mudgadi.

Dawa ni kutenganisha. Paka rangi pande zote mbili, weka kipande cha mpira au gundi ya bodi katikati, na tumia bolti zilizopakwa zinki.

## Injini

Limekaa miaka kumi. Naliwashaje bila kuliua?

Usilisukume wala kulivuta likiwa kwenye gia. Fuata hatua hizi:

1. Toa plagi zote nne. Mimina vijiko viwili vya oili nyepesi katika kila silinda, na uache usiku mzima, au siku tatu kama halizunguki.
2. Zungusha kwa mkono ukitumia hendeli ya mbele. Likigoma, rudia oili. Kulazimisha huvunja ringi.
3. Mwaga oili ya zamani, safisha kichujio, jaza mpya. Injini huchukua takriban lita 6, na karibu lita moja zaidi kwa ajili ya kichujio.
4. Fungua kifuniko cha vali uone kama kuna iliyoganda ikiwa wazi.
5. Mwaga petroli yote. Iliyokaa hugeuka gundi na kuziba kabureta. Tumia chupa ya petroli safi iliyoning'inizwa, mbali na joto, mpaka tangi lisafishwe.
6. Zungusha kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izimike. Ndipo urudishe plagi.

Klachi ikiwa imeshikana kwa kutu, kandamiza pedali hadi chini kwa kipande cha mbao usiku kucha. Mara nyingi huachia yenyewe.

Vipimo vya kurekebisha injini ya 2.25 ni vipi?

Nafasi ya tapeti ni milimita 0.25 kwa vali zote. Nafasi ya pointi ni 0.35 hadi 0.40, na ya plagi ni takriban 0.75. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Bolti kubwa za hedi hukazwa kwa spana ya torki hadi pauni-futi 65, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Anayekaza hedi kwa mkono na bomba atakuwa anabadilisha gasketi kila baada ya mwaka.

Kabureta iwekweje kwa mwinuko wa Nakuru?

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130, na Timboroa inapita 2,700. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Basi usimlaumu fundi kwa uvivu wa Land Rover kule Timboroa. Hewa yenyewe ni nyepesi.

Hewa ikipungua na petroli ikabaki ile ile, mchanganyiko unakuwa mzito. Dalili ni plagi zenye masizi meusi makavu na harufu ya petroli kwenye ekzosti. Weka jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) iliyo ndogo kwa saizi moja au mbili, endesha kilomita 10 kwenye mlima, zima injini ukiwa bado umekanyaga, kisha soma plagi. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Nyeupe maana yake umepunguza mno, na vali ya ekzosti itaungua. Anayeshuka Kisumu kila wiki arekebishe kwa ajili ya Kisumu, avumilie uzito kidogo mlimani. Kukosea upande wa uzito ni nafuu zaidi.

Kabureta ya Zenith ina ugonjwa wake: uso unaokutana na mfuniko hupinda, petroli inavuja ndani, na mwendo wa injini unapanda na kushuka wenyewe bila kukanyaga mafuta. Weka rula juu ya uso huo. Ukiona mwanga chini yake, saga taratibu juu ya kioo chenye msasa.

Linachemka likipanda. Fundi anasema atoe thamostati.

Mkatalie. Ikitolewa, njia ya mkato ya maji inabaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Likiwa mjini litakuwa baridi kupita kiasi, mlimani litachemka kuliko mwanzo.

Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta unaoshika presha ni sehemu ya lazima. Kagua kwa utaratibu huu: mfuniko, fani belti, matope ndani ya rejeta, paipu laini inayojifunga ikinyonywa, kisha taiming iliyochelewa. Mfumo mzima huchukua takriban lita 10. Weka kuulanti. Maji ya kisima yenye chumvi huziba rejeta na kula hedi.

Petroli ya sasa haina risasi. Itaharibu vali?

Polepole, kwenye hedi za zamani. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwisho wa 2005, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya vali za ekzosti. Dalili yake ni nafasi ya tapeti kupungua kila unapoipima. Siku hedi itakapotoka kwa sababu nyingine, mwambie fundi wa mashine akuwekee viti vigumu. Hakuna haja ya kuitoa kwa ajili ya hilo peke yake.

## Gia, ekseli na fowili

Ile nobu ya manjano na lefa nyekundu zinatumikaje?

Nobu ya manjano ikisukumwa chini huunganisha magurudumu ya mbele ukiwa kwenye gia za kasi. Lefa nyekundu ikivutwa nyuma, gari likiwa limesimama, huleta gia za chini za nguvu, na fowili huingia yenyewe.

Usitumie fowili kwenye lami. Gari hili halina difu ya katikati, yaani gia za kuruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri mbali kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo isipopata tope la kuteleza, hujikunja ndani ya shafti. Stering inakuwa nzito, lefa inagoma kutoka, mwishowe kitu kinavunjika. Ikigoma, rudi kinyumenyume mita chache kwenye udongo.

Oili gani, na kiasi gani?

EP90 kote: giaboksi lita 1.5, gia za chini lita 2.5, kila difu lita 1.75, na kila tufe la ekseli ya mbele (lile la kromu nyuma ya kila gurudumu la mbele) nusu lita. Kwenye giaboksi omba daraja la GL-4. Za GL-5 zina dawa zinazoweza kushambulia bushi za shaba. Kwenye difu GL-5 haina neno.

Tufe la ekseli ya mbele linavuja hata baada ya kubadilisha oili sili.

Pitisha ukucha juu ya kromu. Ukihisi vitundu, sili yoyote utakayoweka italiwa ndani ya wiki chache. Tufe lenyewe ndilo la kubadilishwa. Kama pesa haijapatikana, jaza grisi laini inayotengenezwa kwa kazi hiyo badala ya oili. Grisi ya kawaida nzito haifai, haifiki kwenye beringi ya juu.

Spea nazipata wapi?

Nyingi si lazima ziwe za Land Rover. Beringi ina namba iliyogongwa ubavuni. Ipeleke kwenye duka la beringi Nakuru au Kisumu. Oili sili hupimwa kwa tarakimu tatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Springi hutengenezwa na mafundi wa springi za malori. Nairobi, eneo la Grogan na Kirinyaga Road, ndiko kwenye vilivyotumika. Kwa vitu vya usalama, yaani silinda za breki, viatu vya breki na viungo vya stering, agiza vipya vyenye jina la mtengenezaji.

Jihadhari na nati. Series I zina nyuzi za kizamani za Kiingereza, Series II na III zina mchanganyiko, na Land Cruiser ni za milimita. Bolti isiyoingia kwa vidole zamu tatu si yake.

## Breki na umeme

Nimetoa hewa kwenye breki mara kadhaa, pedali bado inazama.

Kwenye Land Rover ndefu hili ni la kawaida, kwani silinda zake za mbele huficha hewa. Kaza adjasta zote (zinazosogeza viatu vya breki) mpaka magurudumu yasizunguke, ili pistoni zirudi ndani kabisa, ndipo utoe hewa ukianza na gurudumu lililo mbali na masta silinda, yaani la nyuma kushoto. Kisha legeza adjasta moja moja mpaka gurudumu lizunguke huru.

Tumia maji ya breki ya DOT 3 au DOT 4 peke yake. Oili ya injini au ya stering hufurisha mipira yote kwa siku moja, na kila silinda itahitaji kufunguliwa. Vumbi la breki za zamani huwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji ufute. Usilipulize kwa kompresa.

Breki za dramu zikiwa nzima bado huchoka zikipata joto. Kushuka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa ingia gia ya tatu kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake.

Nimefunga redio, waya ukaungua.

Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zina betri iliyofungwa kinyume: chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Unaweza kuzigeuza. Geuza nyaya za betri, badilishana nyaya mbili ndogo za koili, na kwenye dinamo toa waya wa F, kisha gusa terminali hiyo mara mbili tatu kwa waya unaotoka kwenye chanya ya betri, ili ikubali mwelekeo mpya. Geji ya ampea nayo hugeuzwa nyaya. Taa na stata hazijali. Bandika maandishi makubwa kando ya betri, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yako.

## Mbio na ufufuaji

Dereva mstaafu wa mbio za magari ana faida gani katika kazi hii?

Ana sikio. Aliyezoea Safari Rally husikia beringi ya nyuma ikianza kulia wiki nzima kabla haijashika. Ana pia mazoea ya kukagua: kila nati iliyokazwa hupakwa mstari wa rangi kutoka nati hadi chuma, na mstari ukivunjika unaonekana bila spana. Mazoea hayo yachukue hata kama hujawahi kushindana. Baada ya kilomita 50 za kwanza za murram, kaza upya bolti za U za springi, nati za magurudumu na bolti za propela shafti. Rudia baada ya kilomita 500.

Historia yetu inaunga mkono kazi hii. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, akashinda tena 1974 na 1976. Kuliandaa vizuri gari lililochoka ni ufundi uliokuwepo huku tangu zamani.

Ila kuna ya kuacha. Gari la mbio hujengwa limalize siku chache. Kila kilo hupunguzwa, kila kitu huongezwa nguvu. Ufufuaji unataka gari lidumu miaka thelathini, na mtu wa kesho aweze kulisoma lilivyotoka kiwandani.

Nataka kulipeleka Rhino Charge. Nilikate?

Kama ni Series I, au gari lolote ambalo injini na chesisi bado ni zake za kiwandani, tafadhali usilikate. Rhino Charge, mashindano ya fowili porini yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, hushindaniwa na magari yaliyojengwa kwa ajili ya kupanda mawe na magenge. Tafuta chesisi isiyo na historia. Gari zuri la asili lipeleke kwa mabadiliko yanayoweza kufunguliwa kwa spana: winchi, bamba la kulinda injini, tairi. Keji ya kuchomelewa haifunguki.

Nifunge injini ya dizeli ya Kijapani?

Inawezekana, na wengi wamefanya. Lakini nguvu ya ziada hutafuta sehemu dhaifu, na hiyo ni hafushafti ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka difu hadi gurudumu. Breki za dramu nazo zilipimwa kwa kasi ndogo. Ukibadilisha injini, NTSA lazima iandikishe namba mpya, na bima isipojua haitalipa. Injini ya zamani usiiuze. Ipake grisi, ifunike, iwekwe.

## Hali zisizo za kawaida

Hafushafti ya nyuma imekatika porini. Nifanye nini?

Injini inazunguka, gia inaingia, gari halisogei. Sukuma nobu ya manjano. Magurudumu ya mbele yatakuvuta hadi nyumbani, polepole. Kipande kilichovunjika usikiache ndani ya difu: vuta nusu ya nje pamoja na flenji yake, kisha ile ya ndani uinase kwa sumaku ndefu. Ikigoma, difu itatoka. Beba hafushafti moja ya ziada ya kila upande, kwani urefu wake haulingani.

Injini imefanyiwa ovahoo. Niiendesheje mwanzoni?

Kilomita 800 za kwanza usipite kilomita 65 kwa saa, usivute trela, na badilisha kasi mara kwa mara badala ya kukaa kwenye mwendo mmoja. Mwaga oili kwenye kilomita 500, kaza hedi upya, pima tapeti (tazama vipimo kwenye sehemu ya injini). Moshi wa bluu kidogo wakati huu ni ringi zinatafuta nafasi. Ukizidi baada ya kilomita 1,500, silinda zilichongwa vibaya au ringi zilifungwa kinyume.

Namba ya chesisi imeliwa na kutu, au pembe iliyo na namba lazima ikatwe.

Kwenye Land Rover za Series namba imegongwa kwenye pembe ya mbele ya kulia inayoshika springi, na pia iko kwenye bamba dogo ndani ya gari. Kama haisomeki, safisha kwa dawa ya kutu na brashi laini, si grinda. Mara nyingi namba hujitokeza ukimulika tochi kutoka ubavuni.

Ikibidi pembe ikatwe, au ununue chesisi nyingine nzima, simamisha kazi uende NTSA kwanza, ukiwa na logbuku na picha za namba ilivyo sasa, gari likaguliwe kabla ya kukatwa. Usigonge namba mwenyewe, hata kama ni ile ile. Ni kosa, na ukaguzi wa baadaye utalichukulia gari kama la wizi. Kipande cha zamani chenye namba kihifadhi pamoja na karatasi, usikiuze kwa chuma chakavu.